Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeona kilichowapita wengi

Ukikutana na mtoto wa miaka mitano aliyefura taya, utasema nini? Jino. Mama atasema jino, jirani atasema jino, na wewe ukiwa ndiye mkubwa nyumbani siku hiyo utampa dawa ya maumivu na kumwambia asukutue kwa maji ya chumvi. Mambo yaishie hapo.

Lakini sikia hii. Kuna saratani inayoanza hivyo hivyo. Meno yanalegea, taya linafura, na uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi zaidi kwa binadamu. Na usidhani ni ya mbali. Watoto wa kando ya Ziwa Victoria, wa Pwani yetu na wa Uganda wako katika ukanda unaoathirika zaidi duniani.

Saratani hiyo ina jina la mtu: Burkitt. Leo nataka nikupeleke kwa mwenye jina, kwa sababu maisha yake yanafungua jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuelezwa vizuri. Saratani ya mtoto inaweza kuanza pale kipande cha jeni kinapohama kwao na kwenda kukaa kwa wenyewe. Na kujua kilihamia wapi ndiko kunakoamua mtoto atapewa dawa gani.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliachia katikati. Kwa hivyo nitakueleza jinsi tunavyoelezana sisi, bila maneno ya kuvunja meno.

KIJANA ALIYEHAMA KOZI

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa kaunti, wa kushughulika na barabara na madaraja. Lakini mzee huyo alikuwa na wazimu wake mwingine: ndege. Katika miaka ya 1920 aliwanasa ndege wadogo waliokuwa bomani kwake, akawavisha pete miguuni, akawaachilia, kisha akachora ramani kuonyesha nani anaishi wapi na mpaka wake unafika wapi. Wataalamu wa ndege hadi leo wanamhesabu kati ya waanzilishi wa mbinu hiyo. Iweke akilini hiyo ramani, tutaihitaji baadaye.

Denis alipokuwa na miaka 11, wavulana walirushiana mawe. Jiwe moja likampata usoni, likavunja miwani, vigae vikaharibu jicho la kulia. Jicho lenyewe likatolewa. Kuanzia siku hiyo aliishi na jicho moja la kuona na moja la bandia.

Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama babake. Hakudumu. Alikuwa ameshika dini sana akiwa hapo chuoni, akaamini kwamba ameitwa awe daktari, akahama kozi. Alifuzu mwaka 1935, na kufikia 1938 alikuwa daktari kamili wa upasuaji aliyetambuliwa Edinburgh.

Najua kuna mmoja wenu anasoma hapa akiwa amekwama kwenye kozi aliyochaguliwa na mzee. Burkitt alihama na mbingu hazikuanguka. Tena ule mchoro wa kihandisi wa babake haukumtoka kichwani, kama utakavyoona.

Alitaka kuja Afrika. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji maarufu hapa Nairobi, kwa hivyo bara hili halikuwa geni masikioni mwake. Akaomba kazi katika serikali ya kikoloni Afrika Magharibi. Wakamkatalia. Sababu? Jicho. Nani atampa kisu mtu wa jicho moja?

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Jeshi la Uingereza lilihitaji madaktari, likamchukua mwaka 1941. Alihudumu Kenya na Somaliland, kisha Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka. Mwaka 1943 alikuwa ameshamwoa Olive Rogers, muuguzi. Vita vilipokwisha aliomba kazi tena, safari hii wakamkubali. Mwaka 1946 akapangiwa Uganda.

MABUSHA YA LANGO

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Hospitali ndogo, eneo kubwa, daktari ni yeye. Anapasua, anazalisha, anatibu malaria, anashona vidonda.

Hapo ndipo alipoona kitu ambacho daktari mwingine mwenye haraka angekiacha kipite. Wanaume wengi walimjia na mabusha. Hilo halikuwa ajabu. Ajabu ni kwamba wengi wao walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Upande wa magharibi mabusha yalikuwa adimu. Wilaya ni moja, kabila ni moja, chakula karibu kile kile. Kwa nini huku na si kule?

Burkitt akafanya alichofanya babake na ndege. Akahesabu, akachora, na mwaka 1951 akachapisha matokeo katika jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet. Leo tunajua mabusha ya namna hiyo huletwa na minyoo wa filaria wanaosambazwa na mbu. Lakini funzo alilobeba ni hili: ukitaka kujua ugonjwa unatoka wapi, uliza kwanza uko wapi na hauko wapi.

Tayari mwaka 1948 alikuwa amehamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, ambako pia alifundisha madaktari wa Makerere.

UVIMBE PANDE NNE

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita wodini aangalie mtoto wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimefura kushoto na kulia, juu na chini. Pande zote nne kwa wakati mmoja. Usaha wa jino hauwezi kufanya hivyo. Saratani ya kawaida pia haianzi sehemu nne pamoja. Burkitt alikuna kichwa, akampiga picha mtoto huyo, akaendelea na kazi.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja. Akichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi kwenye nyasi na mamake, uso umefura vile vile. Akatoka mbio kwenda kumpima. Taya pande nne, na tumboni pia kulikuwa na uvimbe.

Mara ya kwanza unaweza kusema ni bahati mbaya. Mara ya pili unaamka.

Burkitt akarudi Mulago akafukua mafaili ya zamani. Akagundua kwamba watoto waliokuwa wameandikwa kwamba wana uvimbe wa taya, mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine kwenye figo, ini au ovari. Madaktari walikuwa wameyaandika kama magonjwa tofauti, kila sehemu ya mwili na jina lake. Yeye akaona ni ugonjwa mmoja unaovaa nguo tofauti. Mwaka 1958 akachapisha makala yake. Unajua ilipokelewaje? Kimya. Karibu hakuna aliyeishughulikia.

Hakuwa peke yake, na ni haki niseme hivyo. Jack Davies alikuwa ameanzisha Kampala daftari la kuwahesabu wagonjwa wa saratani. Gregory O'Conor, Mmarekani aliyekuwa Mulago, alitazama nyama za uvimbe huo kwa hadubini akaonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Seli hizo ni za ukoo ule ule wa seli zinazoharibika mtoto anapopata lukemia. Kumbuka hilo pia.

SAFARI YA MAILI 10,000

Sasa Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu uko wapi na hauko wapi. Pesa? Ruzuku yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa pauni 25. Ndiyo, 25. Akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, zaidi ya 1,000, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza: mmewahi kuona hii? Majibu yalipoingia akachomeka pini kwenye ramani ukutani.

Pini zikachora mkanda. Ulikata Afrika katikati, juu na chini ya ikweta, na mkia wake ukashuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji. Lakini mkanda ulikuwa na mashimo. Kwa nini sehemu nyingine hazikuwa na hata pini moja?

Oktoba 1961 aliamua kwenda mwenyewe kuona. Alinunua Ford ya mwaka 1954, gari lililokwisha tumika, kwa pauni 250. Akaingia na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wote madaktari wa misheni. Walizunguka kwa wiki 10, wakapita Afrika Mashariki na kushuka hadi Afrika Kusini, maili 10,000 na hospitali zaidi ya 50. Barabara za wakati huo unaweza kuzifikiria. Kila hospitali wakaonyesha picha zile zile na kuuliza swali lile lile.

Walichokipata ni hiki. Karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka ukipanda zaidi ya futi 5,000 hivi. Ndiyo maana Kisumu na Pwani ulikuwepo, lakini nyanda zetu za juu haukuonekana kwa watoto waliozaliwa na kukulia huko. Ukizidi kwenda kusini, mpaka huo unashuka: futi 3,000, kisha 1,000. Kumbe haikuwa milima. Ilikuwa baridi. Ugonjwa ulipenda mahali penye joto na mvua ya kutosha.

Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, alipoona ramani alitambua mara moja. Hiyo ni ramani ya mbu. Na mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake, waliokuwa wamechunguza watoto wa Kenya, wakanyooshea malaria kidole.

Ona basi. Baba alichora ramani ya ndege, mwana akachora ramani ya saratani.

CHUPA ILIYOCHELEWESHWA NA UKUNGU

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa London likizoni akatoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Kati ya waliohudhuria alikuwemo Anthony Epstein, kijana mtaalamu wa virusi vya kuku. Aliposikia kwamba saratani hii inafuata joto na mvua, akaamini kuna kirusi. Wakakubaliana: Burkitt amtumie vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein alitafuta asione kitu. Kisha Desemba 1963 ndege iliyobeba chupa moja ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilipofika maabara maji yalikuwa yamegeuka mavumbi-mavumbi, kama yaliyoharibika. Mtu mwingine angemwaga. Epstein akaweka tone kwenye hadubini akakuta seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Kumbe zilitaka kuelea ndipo zikue! Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona virusi ndani ya seli hizo. Ndivyo virusi vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vikaitwa Epstein-Barr.

Hapa hadithi ingeisha vizuri: mbu, malaria, virusi, kwisha. Lakini haikuisha. Virusi vya Epstein-Barr viko kwa zaidi ya watu wazima 9 kati ya kila 10 duniani. Pengine wewe unavyo sasa hivi unaposoma. Mbona hatuumwi taya? Tena watoto wa Ulaya na Marekani walianza kupatikana na saratani hii hii, wengi wao bila virusi hivyo na bila kuwahi kuumwa na mbu wa malaria. Kulikuwa na kitu kingine, kilichofichika ndani zaidi.

JENI ILIYOHAMIA KWA JIRANI

Jibu lilipitia Nairobi. Hapa alikuwepo daktari Peter Clifford, aliyewatibu watoto wenye uvimbe huu katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta. Kwa miaka mingi alipeleka vipande vya uvimbe hadi Stockholm, Uswidi, kwa watafiti wa taasisi ya Karolinska. Huko mwaka 1972 Waswidi hao wakiwa na wageni wawili kutoka Bulgaria, Manolov na Manolova, waliona kwamba katika seli za uvimbe wa Burkitt kromosomu ya 14 ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kipande hicho kimetoka wapi: kwenye kromosomu ya 8. Mwaka 1982 ikajulikana ni jeni gani ilikuwa imebebwa. Inaitwa MYC.

Sasa twende polepole. Ndani ya karibu kila seli yako kuna kromosomu 46, nyuzi zinazobeba maagizo yote ya mwili. Agizo moja ndiyo jeni. MYC ni agizo la kuiambia seli ikue na igawanyike. Ni jeni nzuri, unaihitaji. Ina swichi yake: inawashwa kazi ikiwepo, inazimwa kazi ikiisha.

Kuna seli nyeupe zinazoitwa seli B. Kazi yao ni kutengeneza kingamwili, silaha za kupiga vijidudu. Ili zitengeneze silaha za kila aina, seli hizi hukata DNA yao zenyewe na kuiunga upya, kama fundi cherehani anayekata kitambaa kushona nguo ya saizi mpya. Karakana kubwa ya kazi hiyo iko kwenye kromosomu ya 14. Mara chache sana fundi anakosea. Kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kushonwa kwenye ya 14, na cha 14 kinakwenda kwa ya 8. MYC inajikuta imehamia ubavuni mwa jeni ya kingamwili.

Unajua zile nyumba mtaani zinazounganishwa stima kwa waya wa jirani? Mwenye nyumba akizima swichi yake, taa yako inaendelea kuwaka kwa sababu haitegemei swichi yake tena. Ndivyo inavyokuwa. Katika seli B, laini ya jeni ya kingamwili haizimwi. MYC ikiunganishwa hapo, inawaka usiku na mchana. Seli inagawanyika, inagawanyika tena, bila breki. Wakati mwingine MYC huhamia kwenye kromosomu ya 2 au ya 22, ambako kuna karakana nyingine za kingamwili, na matokeo ni yale yale.

Sasa ramani ya Burkitt inaeleweka. Malaria ya mara kwa mara inazilazimisha seli B za mtoto kufanya kazi bila kupumzika, zikikata na kuunga DNA kila siku. Virusi vya Epstein-Barr navyo vinazisaidia seli zilizoharibika zisife. Kazi ikizidi, nafasi ya kukosea inazidi. Mtoto wa Ulaya anaweza kupata kosa hilo hilo bila malaria, ila ni nadra zaidi. Virusi vinaweza kuwepo au visiwepo. Ile jeni iliyohama ndiyo unayoikuta karibu kila mara.

Na hili liambie familia yako: kosa hilo hutokea katika seli moja mtoto akiwa tayari ameanza maisha yake. Mama hakumrithisha. Baba hakumrithisha. Haliambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Hakuna aliyemroga.

UGONJWA MMOJA, MAJINA MENGI

Nilikuambia seli za limfoma hii zina ukoo na lukemia. Lukemia ni saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, ule urojo ulio ndani ya mifupa. Zamani madaktari walizigawa lukemia za watoto kwa kutazama sura ya seli kwenye hadubini. Sura inadanganya. Siku hizi wanauliza: jeni gani imehama, na imehamia wapi?

Kwa watoto wachanga wasiofika mwaka mmoja, mara nyingi ni jeni ya KMT2A iliyovunjika kutoka kromosomu ya 11. Aina hiyo ni ngumu kutibu. Kwa watoto wachache, kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande, na hao huongezewa kidonge cha imatinib kinacholenga kosa hilo hasa. Na kwa karibu watoto 2 kati ya kila 100 wenye lukemia kali ya limfosaiti, unakuta MYC imehama kutoka kromosomu ya 8. Hiyo ni lukemia ya Burkitt. Ni ugonjwa ule ule wa taya, umeingia tu kwenye uboho.

Kwani jina lina maana gani? Kwa mtoto huyo, maana yake ni kupona au kufa. Lukemia ya kawaida ya watoto hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu, dawa zikienda hatua kwa hatua. Watoto wenye aina ya Burkitt walipopewa matibabu hayo miaka ya zamani, karibu wote ugonjwa ulirudi haraka. Unakimbizana na pikipiki ukiwa kwa miguu. Kuanzia miaka ya 1980 madaktari waliamua kuwatibu kama wagonjwa wa limfoma ya Burkitt: dawa kali, kwa wingi, kwa miezi michache. Katika hospitali zenye vifaa kamili, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 sasa wanapona.

Na kati ya dawa hizo, mbili ni methotrexate na cyclophosphamide. Burkitt alizitumia Mulago mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu hakikuweza kuondoa uvimbe uliotapakaa. Akaomba dawa mpya, akawapa watoto dozi ndogo kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Taya zikashuka kwa siku chache. Wengine uvimbe uliwarudia. Lakini wapo waliopona kabisa, hata baada ya dozi moja au mbili, wakati ambapo dunia bado iliamini saratani haiponi kwa sindano. Clifford naye alikuwa akiona hayo hayo Nairobi.

MWISHO WA MZEE

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 akarudi Uingereza. Huko akaanza fujo nyingine. Aliungana tena na Trowell, yule yule aliyemwita wodini mwaka 1957, wakauliza kwa nini Wazungu wanaugua matumbo kwa namna ambayo hawakuiona Afrika vijijini. Akapima hadi uzito wa vinyesi vya watu! Akazunguka akihubiri nyuzinyuzi: nafaka isiyokobolewa, maharagwe, mboga. Yaani ugali wa posho ya kijijini, githeri na sukuma wiki ambazo wewe unazionea haya mbele ya wageni. Wengi Ulaya wanamjua kwa hilo kuliko kwa saratani.

Alifariki Machi 23, 1993, akiwa na miaka 82. Aliishi kuona jeni iliyohama ikipewa jina.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipitia kimya. Ugonjwa una jina la Burkitt. Virusi vina majina ya Epstein na Barr. Watoto wa Kampala, Jinja na Nairobi, ambao nyama za taya zao zilipanda ndege kwenda London na Stockholm, hawana jina mahali popote katika vitabu hivyo. Wengi walikufa. Kila mtoto anayetibiwa leo kwa kuangaliwa jeni iliyohama ana deni kwao, hata yule wa Chicago ambaye hatawahi kusikia jina la Mulago.

Deni hilo halijalipwa huku lilikoanzia. Hapa kwetu vipimo vya jeni ni ghali, maabara zake ni chache, na watoto wanaopona ni wachache mno ukilinganisha na wa Ulaya. Sababu kubwa moja ni kuchelewa. Taya linafura, jino linang'olewa, mtoto anarudishwa nyumbani, jingine linalegea, linang'olewa. Wiki mbili zinapita. Kwa ugonjwa unaojidabo kwa siku moja au mbili, hebu piga hesabu.

Wewe huna maabara. Mimi pia sina. Lakini una macho mawili, moja zaidi ya aliyokuwa nayo Burkitt. Ukiona mtoto meno yake yanalegea kabla ya umri wa kung'oka, taya linafura bila usaha, jicho linatokeza au tumbo linajaa haraka, usimpe panado ungoje. Mpeleke hospitali kubwa, sema wazi kwamba unataka achunguzwe saratani, na uulize kipande kitapimwa lini. Mpeleke leo, usingoje Jumatatu.